Daftari la Miaka la Mwalimu Donatus

Baba yangu, Mwalimu Donatus, alikuwa mtu aliyechoka. Sisemi alikuwa mvivu, maana mvivu hachoki. Tangu nianze kupata akili nilimwona anaamka kabla ya jogoo ili awapeleke wanafunzi wa zamu kwenye pamba ya shule, saa mbili yuko mbele ya ubao, mchana yuko tena shambani anakagua matuta, na jua likianza kushuka ana madaftari arobaini na matatu ya kusahihisha. Akifika nyumbani alikaa kwenye kiti chake cha kamba, na mama akimletea maji ya kunawa alimwambia, "Ngoja kidogo, Mama Euphrasia, nimalize kuchoka kwanza." Euphrasia ni mimi. Nami nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne, nimestaafu, na maneno yale sasa nayaelewa kuliko nilivyopenda kuyaelewa.

Shule yetu ilikuwa shule ya kati ya misheni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kharumwa. Baba alifundisha Historia darasa la saba na la nane. Historia ya mtihani ilianza na Wajerumani kushuka pwani, ikapita kwenye vita vya mwaka kumi na nne, ikaishia kwa Waingereza kukabidhiwa nchi na Umoja wa Mataifa waitunze. Baada ya hapo kitabu kilinyamaza. Sisi tulijua kuna chama kinachodai nchi, ambacho huku Usukumani kilikuwa bado hakijaruhusiwa kufungua tawi, na kila juma alikuwepo mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma wa kunyoosha mkono na kuuliza. Baba alifuta ubao taratibu na kusema, "Hilo halimo kwenye mtihani. Likiingia nitawaambia." Hakuwa mwoga sana. Alikuwa na watoto watano na mshahara mmoja.

Kitu kimoja tu sikuwahi kuona kimemchosha, nacho ni Daftari la Miaka.

Watoto wa wakati wetu tulizaliwa bila tarehe. Mama yako alikuambia umezaliwa mwaka ng'ombe walipokufa, au mwaka shangazi yako alipoolewa, mengine ukatafute mwenyewe. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, walimu wengine walimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa. Akigusa sikio la upande wa pili, amefika. Lakini mkono unakuonyesha nani bado ni mdogo, haukuonyeshi nani amepitiliza. Na nafasi zilikuwa chache, na agizo lilikuwa wazi: aliyezidi miaka kumi na mitatu asiandikwe. Ndipo baba akatunga daftari lake. Likizo tatu mfululizo alikaa na wazee wa kwao, upande wa Shinyanga, akawauliza miaka yao kwa majina, Mwaka wa Mvua ya Mawe, Mwaka wa Chanjo, Mwaka wa Nzige, kisha akalinganisha na vitabu vya misheni na kuandika mbele ya kila jina mwaka wa kalenda. Tangu hapo mzazi akitaja jina la mwaka, baba anafungua, anatia kidole, anatoa umri. Walimu wa shule nne walikuja kulinakili. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Marcel, alipenda kuwaambia wageni kwamba Donatus anajua mwaka wa kuzaliwa wa kila ndama wa wilaya. Baba alijifanya hakusikia, lakini siku hizo hata maji ya kunawa aliyafuata mwenyewe.

Mwaka 1950, kabla hatujahamia shule ya kati, baba alikuwa anafundisha shule ndogo karibu na Segese. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuandikishwa, kwa kuwa mtoto wa mwalimu naye hupanga foleni, tena baba alihakikisha nimekuwa wa mwisho. Mbele yangu alisimama mama mmoja na watoto wawili, kijana na msichana. Kijana alikuwa amepakwa samli miguuni ili aonekane nadhifu, na vumbi la njiani lilikuwa limeganda kwenye samli ile hadi magotini.

"Mwadila, Mwalimu," mama alisalimia.

"Mwadila, mayu," baba akaitikia, yaani mama. "Huyu wa kike nani?"

"Limi."

"Alizaliwa lini?"

"Mwaka wa Nzige."

Baba akatia kidole. Nzige, 1937. Miaka kumi na mitatu. "Ana bahati, ameponea chupuchupu," akasema, akamwandika. "Na huyu?"

"Huyu ni Mageni. Amemtangulia mdogo wake miaka miwili."

Kumi na mitano. Baba akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali; alimshika kijana begani na kumwambia, "Umechelewa, mwanangu."

"Mbona ni mdogo hivi, Mwalimu?" mama akauliza. "Mtazame."

"Wengine hukua taratibu, mayu."

Mageni aliondoka kwenye foleni akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta kumsubiri dada yake. Nilimwona, nikafurahi, kwa sababu foleni ilikuwa imepungua mtu mmoja. Nilikuwa mtoto, lakini hilo halinifanyi nijisikie vizuri nikikumbuka.

Limi nami tulisoma pamoja hadi darasa la nane. Tulikuwa wasichana watano katika darasa lile la watu arobaini na watatu, na Limi alikuwa anatuacha wote kwa Historia, hata mimi ambaye mwalimu wa Historia alikuwa anakula nyumbani kwetu. Baba yake, mzee Mabula, alifariki tukiwa darasa la nne. Mageni akawaachia wadogo zake ng'ombe, akaenda kupasua mawe kwenye machimbo ya Nyarugusu, na ada ya Limi ilitoka huko.

Ikafika Agosti 1957. Baba, ambaye kwa kawaida alifundisha kama mtu anayesukuma toroli la mawe, siku hiyo alikuja na wazo. Alituambia kwamba nchi yetu ina historia mbili, moja ya kitabuni na moja ya majumbani, na mtu aliyesoma lazima aweze kuzisimamisha sambamba. Akachora mistari miwili mirefu ubaoni. Wa juu akaandika miaka ya kitabu: Wajerumani, vita, Waingereza, vita vya Hitla, Umoja wa Mataifa. Wa chini akaandika majina ya wazee, moja moja, kutoka kwenye daftari lake. Nilimwona amesimama wima. Nilijivunia baba yangu.

Limi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwetu nzige walikuja vita vya Hitla vimeshaanza."

"Vita vilianza thelathini na tisa," baba akasema. "Nzige ni thelathini na saba. Unataka nzige wamsubiri Hitla?"

Darasa likacheka. Limi hakukaa.

"Mama anasema baba alikwenda mgodini Geita kwa sababu nzige walikula mtama wote. Na njiani alikuta vijana wanaandikwa kwenda vitani. Aliogopa, akapita porini."

"Mama yako hakusoma tarehe, Limi."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini njaa alishinda nayo yeye."

Hakuna aliyecheka. Msichana kumjibu mwalimu namna ile, miaka ile, lilikuwa jambo la fimbo, na wavulana wa mbele walikuwa wameshageuka kutazama fimbo ilipo. Baba hakuigusa. Alisema, "Keti, Limi," akaendelea kusimama na chaki mkononi, na mstari wa chini ukabaki nusu.

Jioni ile alifungua daftari mbele ya mama, aliyekuwa anatandaza michembe, vipande vya viazi vitamu vya kukausha, kwenye ungo.

"Bernadina, nzige kwenu walikuja lini?"

Mama ni wa huku Geita, si wa Shinyanga. "Nzige wepi?" akajibu. "Kwetu walipita mara tatu. Lakini tukisema Mwaka wa Nzige ni ule waliotumaliza kabisa, na mimi nilikuwa nimeshachumbiwa na wewe, vita vya Hitla vimeshaanza. Hukumbuki mlivyoleta mahari na mtama juu?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikwenda kuuliza wazee."

Ndivyo ilivyokuwa, na si jambo la kufikirisha. Nzige hawakuandikiwa barua wafike kila utemi siku moja. Kila utemi uliita Mwaka wa Nzige ule mwaka nzige walipokula mtama wake, na baba alikuwa amechukua nzige wa Shinyanga akawatua Segese na Geita kote. Alilifunga daftari. Chakula hakula.

Ijumaa ya juma lile agizo likaja kutoka juu: mwanafunzi aliyezidi miaka kumi na minane asifanye mtihani wa darasa la nane, orodha ifike mwisho wa mwezi. Mwalimu Mkuu akapitia rejista. Walipatikana wavulana watatu, ambao kwa kweli walikuwa na ndevu na mmoja alikuwa na mke, na akapatikana Limi, miaka ishirini.

Limi alikuja nyumbani kwetu na barua mkononi. Hakulia. Alisimama karibu na mlango wa jiko, akamweleza baba kwamba baba yake mdogo ameshazungumza na watu wenye ng'ombe wa mahari, na kwamba walikuwa wamekubaliana kusubiri mtihani tu. Akitolewa kabla ya mtihani, hakuna tena cha kusubiri. "Mimi nataka kwenda kusomea uuguzi, Mwalimu," akasema. "Sitaki kitu kingine." Kisha akasema kuna kipande cha marehemu baba yake cha mgodini, na kipande kina tarehe, ila mama hajui kusoma na yeye mwenyewe hajawahi kukiona kimefunguliwa. Alikuwa nacho Mageni, kwa sababu vitu vya baba hushikwa na mtoto wa kwanza wa kiume.

Tukatuma ujumbe Nyarugusu kwa dereva wa lori la pamba. Zikapita siku tisa. Siku hizo baba alikuwa anarudi kutoka shule na kukaa kwenye kiti bila kuvua viatu, na mama alikuwa anamvua kama mtoto.

Mageni alifika Jumamosi, jua la utosi, amebebwa nyuma ya baiskeli ya mwenzake ambaye hakutaka hata kushuka. Alikuwa mfupi, mabega mapana, kucha mbili za mkono wa kulia hazipo, na alikohoa kabla ya kila neno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mageni." Baba alimjua mara moja. Niliona anamtazama miguuni.

Mageni akafungua kitambaa kilichofungwa mafundo matatu, akatoa kikaratasi kigumu, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mama anasema kimsaidie Limi. Nitakirudia mtihani ukiisha." Akapanda baiskeli wakaondoka. Maji aliyokaribishwa hakuyanywa.

Wasiojua kipande ni nini, nitawaeleza. Kilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku ukifanya kazi mgodini, nyapara anatia alama kwenye chumba kimoja. Vikijaa vyote ndipo unalipwa, na kadi inachukuliwa, unaanza nyingine. Kwa hiyo kadi iliyojaa haiwezi kukutwa nyumbani kwa mtu. Ya mzee Mabula ilikuwa na alama ishirini na mbili, na vyumba vinane vitupu. Juu yake palikuwa na jina lake na mwezi: Juni 1940. Mama Mageni alikuwa amemsimulia Limi mara nyingi kwamba mtu wa kwao alimkuta mumewe mgodini akampa habari kuwa mkewe amejifungua mtoto wa kike, na mumewe akatupa sururu siku ile ile, akaja kwa miguu kumwona mtoto, mshahara akauacha. Katika darasa letu zima, Limi ndiye aliyekuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kweli kuliko wote, na imeandikwa na nyapara. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Mwalimu Marcel alikuja nyumbani jioni kukiangalia. Mimi nilikuwa namimina chai.

"Vizuri sana," akasema. "Andika kwamba siku ya kumwandikisha kalamu iliteleza. Ulikusudia arobaini, ukaandika thelathini na saba. Nami natia sahihi, binti anafanya mtihani."

"Kalamu haikuteleza, Marcel. Daftari ndilo lenye kosa."

"Najua. Lakini ukiandika hivyo wataziuliza shule nne zilizolinakili. Wataniuliza na mimi. Halafu watauliza ni watoto wangapi."

"Watauliza," baba akasema.

"Basi?"

Baba alifumba macho. "Nimechoka, Marcel," akasema. "Iteleze tu."

Barua ile niliinakili mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Kalamu iliteleza. Niliandika kwa herufi nzuri za duara, na nilijua ni uongo, na nilifurahi, kwa sababu Limi alikuwa rafiki yangu. Jibu lilikuja mwezi wa kumi kwamba imekubaliwa. Limi akafanya mtihani Novemba, na niwaondoe wasiwasi hapa hapa: alifaulu, akasomea uuguzi, akazalisha nusu ya watoto wa Segese, na kila mtoto alimwandikia tarehe kwa wino.

Lakini siku mtihani ulipoisha matokeo yalikuwa bado mbali. Mageni alikuja kumchukua dada yake na kukirudia kipande. Safari hii alikuja peke yake, na baiskeli yake mwenyewe, na alikaa. Mama alimpa uji. Baba alikuwa amelala kitandani na homa, lakini aliposikia ni nani aliamka, akavaa shati, akatoka akiegemea mlango. Akamkabidhi kipande kwa mikono miwili, kama alivyokipokea.

Mageni hakukifunga. Alikigeuzageuza.

"Mwalimu, nisomee. Nimetembea nacho miaka minne, sijui kinasema nini."

Baba akamsomea. Jina la baba yake, mwezi, mwaka, alama ishirini na mbili. Mageni alifuata kwa kidole kisicho na ukucha, chumba kwa chumba, akafika kwenye vile vitupu.

"Hapa ndipo aliposikia kuhusu Limi."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemtangulia Limi miaka miwili."

"Ndiyo, Mageni."

Nilikuwa nimeshaifanya hesabu ile tangu siku ya chai, na naamini baba aliifanya kabla yangu, siku ya michembe. Hakuna aliyeisema. Tuliiacha nyumbani mwetu miezi mitatu kama mgonjwa wa chumba cha ndani. Nilitaka Mageni amalize uji wake aende.

"Basi siku ile pale Segese," akasema, "nilikuwa na miaka mingapi?"

Baba alishika mwimo wa mlango.

"Kumi na miwili."

"Na mwisho wa kuandikwa ilikuwa mingapi?"

"Kumi na mitatu."

Mageni akatikisa kichwa polepole. Hakukunja uso, hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Kumbe nilikuwa nimewahi," akasema.

"Ulikuwa umewahi, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Akakifunga kipande mafundo yake matatu, akakitia kifuani. Akamshukuru mama kwa uji. Limi alikuwa ameshafunga sanduku lake nyuma ya baiskeli. Mageni alipokwisha kushika usukani alimgeukia baba, akamtazama vizuri, akakohoa.

"Ukapumzike, Mwalimu," akasema. "Unaonekana umechoka."

Wakaenda, yeye akisukuma baiskeli, dada yake pembeni. Baba alibaki amesimama hadi walipopotea nyuma ya pamba ya shule. Nilisogeza kiti cha kamba, akakataa kukaa.

"Lete Daftari la Miaka," akaniambia. "Na karatasi ya barua, na kalamu. Wale niliowakataa niliwaandika kurasa za nyuma. Nisomee mmoja mmoja, na kila mmoja uniambie kwao ni wapi. Safari hii kalamu haikuteleza, andika hivyo hivyo."

Nikakaa chini pale mlangoni nikaanza kusoma. Walikuwa sitini na mmoja.